Dakika Sita za Katekista Shambani

Katekista hakupenda habari za kuzaliwa. Ndiye aliyekuwa msomaji wa wasifu wa marehemu katika misiba yote ya Mapera na vijiji vinavyotuzunguka, na kila alipopewa karatasi inayoanza na "marehemu alizaliwa akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto tisa", aliikunja, akairuka sehemu ya juu yote. "Kila mtu kazaliwa," aliniambia. "Hata mbuzi kazaliwa. Niambie alikuwa anakula nini kwa furaha, na alikuwa anamkwepa nani njiani." Basi na mimi, kwenye wasifu wake huu, nairuka sehemu ya juu. Alikuwa anapenda ugali wa muhogo kwa usipa, dagaa wa ziwani, wa kukaanga, na alikuwa anamkwepa fundi wa majeneza.

Nacheka ninapoandika hivi, lakini ni kweli kabisa! Mtu aliyesimama kwenye makaburi ya nusu ya ukoo wangu, akatutuliza, akatuimbisha, akatuambia tusiogope, alikuwa akifika mjini Mbinga anavuka barabara ili asipite mbele ya karakana ya majeneza. Anavuka huku ameinamisha mwavuli upande ule. Mwavuli huo hakuuacha hata kiangazi. Nilimuuliza siku moja, "Katekista, yule fundi kakukosea nini?" Akanijibu, "Hajanikosea. Ila ana macho ya futi kamba."

Mimi ni mpiga picha. Nina studio ndogo Mbinga mjini, napiga picha za pasipoti, harusi, kipaimara na misiba, na ni mtu wa haraka tangu tumboni mwa mama. Kwenye video zangu za harusi bibi harusi anatoka saluni, anaapa, anakata keki na kufunguliwa muziki ndani ya dakika tano, na mioyo myekundu inaruka pembeni. Watu wanapenda. Kwa hiyo fikirini ilivyokuwa kwangu kumpiga picha Katekista, mtu ambaye salamu yake peke yake ilikuwa ndefu kuliko harusi zangu.

Akikusalimia, ujiandae. Ataanza na wewe, ahamie kwa mama yako, kahawa, nguruwe, goti la baba yako, kisha atanyamaza kidogo, na ukidhani amemaliza, ataanza na majirani. Na alisikiliza majibu! Ukisema "nzuri tu" bila kufikiri, alikuwa anarudia swali. Alipotufundisha kwa ajili ya komunyo ya kwanza, aliuliza swali moja, akakaa kimya mpaka mtu ajibu, hata kama ni nusu saa. Tulisikia kuku wakitembea nje. Siku moja nilishindwa kuvumilia, nikalia. Akasema, "Haya, huyu ameanza kufikiri."

Kuhusu ukweli alikuwa mkali mpaka aibu. Kuna mzee wa Ruanda, kijiji cha jirani, aliyekunywa pombe maisha yake yote, kwa furaha, bila kumdhuru mtu, akafa. Familia ikaandika kwamba marehemu hakuwahi kugusa kileo. Katekista alisoma mpaka hapo, akavua miwani, akautazama umati uliokuwa umezunguka kaburi. "Ndugu zangu," akasema, "naona karatasi zimechanganyika. Huyu ni marehemu wa msiba mwingine." Watu walicheka huku wanalia, mjane akacheka kuliko wote, na baada ya hapo kila aliyekuwa na kisa cha marehemu akakisema. Sijawahi kuona maziko mazuri namna ile.

Lakini mtu huyohuyo alikuwa mwongo wa kupindukia katika habari moja, afya yake. Madaktari walimwambia moyo umetanuka, apunguze chumvi, asifanye kazi nzito. Miguu ilikuwa inavimba. Akawa anaificha ndani ya mabuti ya mpira, kanisani, sokoni, hata kwenye harusi. Watoto wake wawili, mkubwa wa kiume yuko Dar es Salaam na wa kike yuko Songea, walikuwa wakipiga simu na yeye akawa anajibu neno moja: "Mzima." Mkewe alikuwa ameshafariki. Yule mama ndiye mtu pekee ambaye Katekista alishindwa kumsomea wasifu. Aliishika karatasi, akampa mtu mwingine, akaenda kusimama kwenye mikahawa, miti yake ya kahawa, ametugeuzia mgongo. Mimi nilikuwa na kamera siku ile, na niliishusha.

Basi mwaka mmoja, mvua zikiwa zimeanza, binti yake akanipigia simu. "Dada, baba anatudanganya. Nenda na kamera yako, umpige video siku nzima, akiamka, akila, akienda shamba. Tukija Krismasi tutaangalia wote, halafu tutaamua. Kaka ameshamwandalia chumba Dar."

Hapo nikaelewa kilichokuwa mezani. Katekista alikuwa ametangaza kwa kila mtu kwamba anataka kufia Mapera, nyumbani kwake, si kwenye chumba cha ghorofani. Na sasa hukumu ilikuwa inapitia kwenye kamera yangu! Nikajiapiza kwamba nitamtengenezea video ambayo itamwonyesha kama kijana anayetoka mazoezini. Nikapakia betri tatu kwenye begi, nikapanda bodaboda.

Siku ya kwanza nilimkuta amevaa suti yake nyeusi ya misibani, amekaa kwenye kiti uani, mikono juu ya magoti.

"Shikamoo, Katekista."

"Marahaba, mwanangu. Nimekaa vizuri?"

"Umekaa kama marehemu. Nenda kavae nguo za kila siku."

Alicheka mpaka akakohoa. Akarudi na shati la kaki na mabuti yake. Nikampiga akinywa chai, dakika kumi na nne. Nikampiga akitafuta miwani iliyokuwa usoni mwake. Alipofungua kopo la majani ya chai, akachota chumvi iliyofichwa humo na kuinyunyiza kwenye kiporo cha ugali, alinyoosha kidole. "Hapa zima." Nikazima. Nilikuwa upande wake, tena sana.

Siku ya tatu tulishuka ziwani, upande wa Lipingo, kumsalimia shemeji yake. Mkewe alikuwa Mnyasa wa ufukweni, na Katekista, mtu wa milimani, alikuwa mkwe wa ziwa kwa miaka mingi kuliko umri wangu bila kuingiza hata kidole gumba majini. Walimletea kiti, akakigeuza kama alivyozoea, mgongo kwenye ziwa, uso kwenye milima. Shemeji yake, bibi mchangamfu aliyekuwa akianika usipa kwenye chanja, akapiga kelele, "Unaona! Mpaka leo! Dada yangu aliolewa na paka!"

Nikamuuliza nikiwa nyuma ya kamera, kwa utani tu, "Katekista, kwani unaogopa maji?"

"Naogopa," akasema.

Nikadhani amemaliza, nikataka kuhamisha kamera. Lakini nilimjua, nikangoja.

"Naogopa maji, na lile jingine pia," akaendelea. "Nimewaambia watu wasiogope miaka yote, na nilikuwa nasema kweli, kwa sababu nilikuwa nawaambia wao. Sasa zamu imefika ya kujiambia mimi, na naona huyu msikilizaji ni mbishi."

Kwenye video picha inatikisika hapo, kila mtu anaweza kuiona. Nilikuwa nalia. Kisha, na hapa sijui nilichofanya kustahili kuwepo, alimwomba shemeji yake amvue mabuti. Bibi akayavua, akaiona ile miguu iliyovimba. Wakashikana mikono, wakatembea taratibu mpaka maji yakamfika vifundoni. Alisimama pale kama mtu anayesikiliza jambo, kisha akasema kwa sauti ya kushangaa, "Kumbe ni ya vuguvugu!" Nilitaka kuruka ruka ufukweni. Miaka yote ile, na hakuna aliyemwambia kuwa maji ni ya vuguvugu.

Sasa nifike kwenye shamba, ambako mambo yote yaliamuliwa.

Kwetu Umatenguni tunalima ngolo. Majani yanafyekwa, yanapangwa chini kwa miraba, halafu udongo unachimbwa katikati ya kila mraba na kuyafunika yale majani. Pembeni yanabaki matuta, katikati shimo, na mvua ikinyesha mlimani maji yanakaa mashimoni badala ya kuukokota udongo bondeni. Wanaume hufyeka na kupanga majani. Wanawake ndio wachimbaji. Ndivyo ilivyokuwa, na Katekista alikuwa mtetezi mkubwa wa desturi hiyo, alishawahi kumkemea kijana aliyeonekana akichimba. Lakini mkewe alipofariki aliacha kipande cha shamba nusu kimechimbwa na nusu majani tupu. Katekista alikitazama kile kipande msimu mzima. Msimu uliofuata akachukua jembe la mkewe.

Kijiji kizima kilizungumza. Na kumbe hakujua kuchimba! Mashimo yake yalikuwa pogo, mengine marefu kama mtaro, mengine ya kuingia sufuria. Jirani yake, mama mmoja mwenye ulimi, alisimama juu ya njia akauliza, "Katekista, hili ni la maharage au la panya?" Yeye akajibu, "Mwenye jembe hili angelicheka zaidi yako," akaendelea. Alipenda kuchekwa shambani. Nadhani alisikia kicheko kingine humo ndani.

Siku niliyoenda kumpiga picha huko alikuwa anafukua mashimo ya zamani, tayari kwa mahindi. Kushuka kutoka nyumbani mpaka shambani kulimchukua dakika ishirini na tano. Mimi nashuka kwa dakika nne. Niliisimamisha kamera kwenye miguu yake mitatu, nikaiacha inarekodi, nikapanda nyumbani kuchukua betri niliyosahau. Niliporudi alikuwa amesimama anachimba, suruali imejaa udongo. "Umechafuka," nikamwambia. "Shamba ni udongo," akanijibu.

Jioni yake studio nikafungua kompyuta, nikaona.

Alikuwa ameanguka. Hakujikwaa popote. Alikaa chini ghafla, halafu akalala ubavu ndani ya shimo. Akalala hapo. Nilisimama kutoka kwenye kiti kana kwamba naweza kumkimbilia. Anajaribu kuinuka, mkono unateleza. Anapumzika. Anajaribu tena. Anapumzika, anatazama mawingu. Halafu anacheka, peke yake, na kusema kitu ambacho kipaza sauti hakikukinasa. Kisha anaanza kutambaa juu ya tuta kwa viwiko, akasogea, akasogea, mpaka kwenye mkahawa wa mwisho wa shamba, akaushika shina, akajivuta, akasimama. Dakika sita na sekunde chache. Anakaa ameukumbatia mkahawa. Halafu anarudi kwenye lile shimo, anaokota jembe, analimalizia.

Nikaikata. Wala sikufikiri mara mbili. Dakika zote sita nikazitoa, na ile safari ya kushuka shambani nikaiharakisha ikawa ya nusu dakika, nikaweka muziki wa kwaya juu yake. Nikampelekea aione kwanza, nimefurahi kama mtoto aliyefaulu mtihani.

Aliitazama tangu mwanzo. Ilipofika shambani akaniambia, "Rudisha nyuma." Nikarudisha. "Huyu anayekimbia ni nani?"

"Ni wewe, Katekista."

"Mimi sikimbii. Na pale nilipoanguka pako wapi?"

Nikajifanya sijui. Akanyamaza ule unyamavu wake wa darasa la komunyo, na nikashindwa kama zamani. Nikamwambia yote: nimekata, nitakata tena, wakiona vile watakubeba siku ileile, mwanao ana chumba tayari, utafia ghorofani unatazama majenereta! Nilikuwa nampigia kelele mzee wa watu. Nilikuwa nampenda, na nilikuwa na hasira naye.

Yeye akavua miwani. "Mwanangu, nimewakatalia wajane na mayatima kuandika uongo juu ya watu wao. Leo nikuache wewe uniandikie mimi? Wakiamua nikae, wawe wamemwamulia huyu anayeanguka. Maana huyo kijana wako anayekimbia hatakuwepo hapa wakishaondoka. Rudisha." Nikiwa mlangoni akaniita tena. "Na ile chumvi, kama bado ipo, weka."

Haikuwepo, tulikuwa tumezima. Akanifungulia kopo, nikampiga upya akiikiri kwa kidole.

Krismasi wakaja. Baada ya misa na chakula tulikaa sebuleni, mapazia yamefungwa mchana kweupe, video ikachezwa kwenye televisheni: saa moja na dakika arobaini, bila muziki. Mwanawe mkubwa mwanzoni alikuwa anatazama simu. Ilipofika chai, akaiweka chini. Kwenye chumvi binti akaguna. Kwenye ziwa walishikana mikono wote wawili, watu wazima wale. Halafu shamba.

Sijawahi kuona watu wakitazama kitu namna ile. Alipoteleza mara ya pili, mwanawe mkubwa alisimama, akatoka nje, tukasikia akitembea uani huku na huku. Lakini binti alibaki, amesogea mpaka ukingo wa kochi, na Katekista wa kwenye televisheni aliposhika shina la mkahawa na kuanza kujivuta, alianza kusema, "Haya baba, haya, haya baba," na aliposimama akapiga kelele kama watu wanaotazama mpira, "Amesimama! Kaka, njoo, amesimama! Na anaendelea kulima!"

Kaka akarudi, macho mekundu. "Nimeona," akasema. "Nilikuwa mlangoni. Baba, kesho nakata tiketi mbili."

Katekista hakuinua sauti. "Nimewasikia. Mnaogopa nitaanguka. Nitaanguka, na mimi pia naogopa. Lakini huko kwako nitaangukia vigae, na wakati nimelala pale hakutakuwa na kitu ninachokijua cha kushika. Hapa najua mkahawa uko upande gani."

Mwanawe alikaa chini. Alikaa muda mrefu sana, na safari hii hakuna aliyemharakisha, hata mimi. Mwishowe akasema, "Na nani atakuwa hapo karibu na huo mkahawa?"

Wakala sikukuu, wakaondoka, na tiketi ilikatwa moja.

Nilimwona vizuri kwa mara ya mwisho mwezi wa tatu. Nilisikia habari mjini, nikafunga studio saa nne asubuhi na kuacha wateja wa picha za pasipoti mlangoni. Katekista alikuwa amebebewa kiti mpaka shambani. Hakuvaa mabuti, miguu haikuingia tena. Pumzi ilikuwa fupi, sentensi moja akaigawa mara tatu. Na mbele yake, kwenye kile kipande cha mkewe kilichobaki, mwanawe mkubwa, bwana wa ofisi, alikuwa ndani ya singlendi, jembe mkononi, malengelenge viganjani, anachimba ngolo! Alikuwa ameomba likizo yake yote ya mwaka. Yule jirani mwenye ulimi alikuwa pembeni amekunja mikono.

"Shikamoo, Katekista!"

"Marahaba. Umechelewa. La kwanza... ameshaliharibu." Alikuwa anang'aa, akamgeukia mwanawe. "Hapo umeyazika majani, baba, hujayafunika. Inua. Taratibu."

"Mzee, nimekuwa taratibu tangu asubuhi," mwanawe akasema, anahema.

Jirani akauliza kama hilo nalo ni la panya, na Katekista akacheka hadi tukamshika mgongo. Nikachuchumaa karibu naye nikamuuliza kama nifungue kamera. Akakataa kwa kichwa, akanivuta sikio kama nilipokuwa mtoto. "Nilikuwa nataka kufia hapa," akaninong'oneza. "Hilo limeshapatikana. Sasa nimekuwa na tamaa nyingine. Nataka kuona... kama maharage yake yataota."

Yaliota. Alikula majani yake machanga kama mboga, akanitumia salamu kuwa ni matamu, na mwezi wa tano alikula maharage mabichi, bakuli zima, na chumvi. Makavu hayakumkuta. Yalipikwa siku ya maziko yake, kwenye masufuria makubwa pale uani, na mwanawe mkubwa ndiye aliyesimama kupakua, viganja vigumu, akimwambia kila aliyenyoosha sahani, "Karibu. Haya nimelima mwenyewe, baba akiwa ananiangalia."